Mpiga dramu yupi? Uchambuzi wa tanzia iliyomlilia mtu aliye hai

Kisa chenyewe

Jumamosi ya tarehe 12 Julai 2014, saa 2:06 usiku, kipindi chetu cha muziki wa roki kilitangaza kwamba Marky Ramone, mpiga dramu wa bendi ya Ramones ya New York, amefariki dunia. Hakuwa amefariki. Aliyefariki, siku moja kabla, ni Tommy Ramone, mpiga dramu mwingine wa bendi hiyohiyo. Kwa dakika 31 tulimlilia mtu aliye hai, tukapiga nyimbo zenye mkono wake, tukawapa pole mashabiki kwa jina lake. Marehemu wa kweli hatukumtaja hata mara moja.

Mimi ndiye niliyekuwa mhariri wa zamu. Ruhusa ya kwenda hewani niliitoa mimi. Tangu hapo nimekitumia kisa hiki kuwafundisha watangazaji wapya, kwa mdomo, na kila mara nimeona kinapokelewa kama kisa cha uzembe: hawakuhakiki, wakaaibika, basi. Nakiandika kwa ukamilifu kwa sababu mambo hayakwenda hivyo. Tulihakiki. Kila aliyekuwa studio usiku ule alikuwa anajali, na mmoja wetu alikuwa na machozi. Kosa lilipita mlango mwingine. Mapenzi ya mtu kwa muziki tuliyafanya ushahidi, na mwingine asiyeupenda tukamhesabu kuwa hajui kitu.

Jina la kituo na la wahusika nimeyaondoa, pamoja na kila kinachoweza kuwatambulisha. Mkongwe na Chipukizi ni majina ya humu tu.

Usuli: jina moja, viti vingi

Asiyeijua bendi hii hawezi kuona jinsi kosa lilivyokuwa rahisi. Ramones walianza mwaka 1974, Forest Hills, mtaa wa Queens. Hawakuwa ndugu. Kila aliyeingia alipewa jina la ukoo la bandia, Ramone, na jina hilo likawa kama sare ya kazi. Wanne wa mwanzo wanaokumbukwa ni Johnny kwenye gitaa, Dee Dee kwenye besi, Joey mwimbaji, na Tommy kwenye dramu. Lakini hata hapo pana mkunjo: katika onyesho lao la kwanza kabisa aliyekaa kwenye dramu alikuwa Joey. Tommy alikuwa msimamizi wao. Waliitwa wapigaji waje kujaribiwa, na kila mmoja alitaka kupamba, kuonyesha ufundi. Tommy akawa anawaeleza anachokitaka, hawakielewi, mwisho akakaa mwenyewe.

Mwaka 1978 Tommy aliinuka kwenye kiti kile ili ashughulike na kurekodi na kuzalisha muziki. Akaja Marc Bell, akaitwa Marky. Marky akatoka mwaka 1983, akaingia Richie hadi 1987. Richie alipoondoka, Clem Burke wa bendi ya Blondie aliwasaidia usiku mara mbili, Agosti 1987, akaitwa Elvis Ramone. Kisha Marky akarudi na kukaa hadi onyesho la mwisho, Los Angeles, tarehe 6 Agosti 1996. Kwa hiyo anayesema "Ramone aliyepiga dramu" anaweza kuwa anamtaja mmoja kati ya watu watano.

Kufikia Julai 2014 Joey alikuwa ameshafariki (2001), Dee Dee pia (2002), na Johnny (2004). Tommy ndiye aliyekuwa amebaki katika wale wanne wa mwanzo. Marky, Richie na C.J., aliyechukua besi baada ya Dee Dee, walikuwa hai.

Neno moja kuhusu panki. Wengi wetu tulilijua kama mtindo wa kunyoa kabla ya kulijua kama muziki, na ndiyo maana mtu akisikia "bendi ya panki" anawaza nywele zilizosimama. Ramones hawakujulikana kwa mtindo huo. Walikuwa na nywele ndefu zilizofunika paji la uso, jaketi za ngozi na jinzi zilizochanika magotini. Albamu yao ya kwanza, ya Aprili 1976, iligharimu dola 6,400 hivi, ina nyimbo 14, na yote inakwisha kabla ya nusu saa. Ilifikia daraja la dhahabu Marekani, yaani nakala 500,000, tarehe 30 Aprili 2014. Miaka 38 ilikuwa imepita. Tommy alikuwa amebakiza miezi miwili na ushee.

Usuli: watu wawili na fulana moja

Mkongwe alikuwa na miaka hamsini na kitu. Bendi hii aliifahamu akiwa na miaka 18, kupitia kanda ya albamu yao ya nne, ile ya 1978. Ilikuwa kanda ya kunakiliwa, haina jalada, jina la bendi limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyokatwa kwa mkono. Aliisikiliza hadi utepe ukaanza kuyumba sauti. Kwenye albamu ile anayepiga dramu ni Marky. Mkongwe alizijua pia nyimbo za nyuma, lakini masikio yake yalikuwa yameshafunga ndoa na mkono ule. Kwake, Marky na dramu za Ramones vilikuwa kitu kimoja.

Chipukizi alikuwa na miaka 24, miezi saba kazini. Alitoka kwenye hip hop na muziki wa densi unaotengenezwa kwa kompyuta. Alikuwa anasoma jumbe za wasikilizaji na kumsaidia Mkongwe kuendesha kipindi, na hakuwahi kujifanya anaupenda muziki wenyewe. Alisema wazi, mara moja hata hewani, kwamba anaona ni wimbo mmoja uliorudiwa mara nyingi. Mkongwe naye alisema muziki wa Chipukizi ni mashine inayojipigia bila mtu. Wasikilizaji walipenda mvutano huo, nami niliuacha uendelee kwa sababu ulikuwa unaleta simu nyingi.

Usiku ule Chipukizi alikuwa amevaa fulana nyeusi ya Ramones aliyopewa na mjomba wake. Nembo yake ni ile ya mviringo yenye ndege tai, iliyochorwa na Arturo Vega kwa kufuata mhuri wa rais wa Marekani. Kuizunguka kuna majina manne. Zipo fulana zenye jina la Marky, na zipo zenye majina ya mwanzo: Johnny, Joey, Dee Dee, Tommy. Ya kwake ilikuwa ya aina ya pili.

Mtiririko wa usiku ule

Chumba cha habari kilikuwa kimehamia kwenye mpira. Usiku huohuo Brazil na Uholanzi walikuwa wanagombea nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia, na kesho yake ilikuwa fainali ya Ujerumani na Argentina. Meza ya burudani ilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa ameazimwa na meza ya michezo.

Saa 1:15 jioni Mkongwe aliingia akiwa ameshika simu mkononi kama mtu aliyebeba kitu cha moto. Rafiki yake wa ujana alikuwa amemwandikia: "Mpiga dramu wa Ramones katutoka. Sasa wameisha wote." Akanionyesha. Akakaa. Akasema, "Marky kaondoka, mdogo wangu." Kisha hakusema kitu kwa muda mrefu.

Chipukizi alikuwa anapanga orodha ya nyimbo upande wa pili wa meza. Akainua kichwa, akauliza: "Pole sana, mzee. Ni yupi lakini? Ndiyo huyu Tommy?" Akagusa fulana yake kifuani.

Mkongwe akamjibu kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaoniuma hadi leo: "Mwanangu, mpiga dramu ni Marky. Hiyo ni fulana."

Nami nilicheka kidogo, kama mtu mzima anavyocheka mtoto anapokosea jina la mgeni. Chipukizi akarudi kwenye orodha yake. Dakika 51 kabla ya sisi kwenda hewani, jina sahihi lilikuwa limetajwa chumbani na kufukuzwa.

Saa 1:30 nilipiga simu chumba cha habari. Maneno yangu nayakumbuka: "Hebu niangalizie, ni kweli mpiga dramu wa Ramones amefariki?" Mwenzangu akaangalia, huku nyuma yake nikisikia watu wakibishana vikosi, akanijibu: "Ni kweli. Kansa. Iko kila mahali." Nikamshukuru, nikakata.

Saa 2:06 Mkongwe alisoma tanzia. Hakuwa ameandika kitu. Alizungumza kwa zaidi ya dakika nne kuhusu Marky, kuhusu kanda ile, kuhusu kijana wa miaka 18 aliyejifunza kwamba muziki unaweza kuwa wa kwake hata kama hajui nota. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijasikia tanzia iliyo nzuri kuliko ile.

Saa 2:14 msikilizaji wa kwanza alipiga. Aliyepokea simu aliandika kwenye karatasi ya zamu: "Anabisha historia ya bendi. Mzee mmoja." Karatasi ikabaki mezani. Jumbe mbili zikafuata kwenye skrini ya Chipukizi, zote zikitaja Tommy. Akatoa simu yake, akatafuta, na kabla wimbo haujaisha alikuwa ameshapata. Hakukimbilia kipaza sauti. Aligeuza karatasi ya orodha ya nyimbo, akaandika kwa kalamu nene NI TOMMY. MARKY MZIMA, akaibandika kwenye kioo cha studio kwa viganja viwili, upande wangu.

Ilikuwa saa 2:19. Niliinua mkono kumwambia asubiri.

Masahihisho yalikwenda hewani saa 2:37.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika

Uamuzi wa kufuta mpango wa saa ya kwanza na kuweka maombolezo ulikuwa na sababu nzuri. Wasikilizaji wetu wa roki wengi walikuwa watu wazima ambao hakuna mwingine angewapa pole wikiendi ile ya mpira. Ningefanya vilevile tena.

Uamuzi wa kumwachia Mkongwe azungumze bila maandishi ulitokana na heshima. Alikuwa amefiwa, au aliamini hivyo, na mfiwa humwekei karatasi mbele. Hapa nimebadilika. Tanzia ya redio ni habari hata inaposomwa na mfiwa, na habari inahitaji walau mistari miwili iliyoandikwa: nani, lini, wapi, ilithibitishwaje. Laiti ningemwomba aandike mistari ile, angelazimika kutafuta umri na mahali pa kifo, na hapo angekutana na Tommy: umri wa miaka 65, nyumbani kwake Queens, saratani ya njia ya nyongo.

Uamuzi wa kusubiri dakika 18 ndio mzito kuliko yote. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, Mkongwe alikuwa katikati ya simulizi, na nilihofia kumvunja mbele ya watu. Ya pili ilionekana ya kitaalamu: nilitaka safari hii niwe na uhakika. Nikafungua chanzo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikasoma hadi chini. Yaani kosa lilipita kwa simu moja ya sekunde ishirini, lakini sahihisho nililidai vyanzo vitatu. Nimeona wahariri wengi wakifanya hivi, na kila mmoja huiita tahadhari. Wimbo wa Ramones una dakika mbili na nusu hivi. Katika zile dakika 18 nilikuwa na nafasi sita au saba za kuingia kati ya wimbo na wimbo na kusema, "Subirini, tunahakiki jina la marehemu." Sentensi hiyo haihitaji vyanzo vitatu.

Hatimaye Mkongwe mwenyewe ndiye aliyeona karatasi kwenye kioo. Aliisoma akiwa anaongea. Alimaliza sentensi, akaomba wimbo, akavua vipokea sauti, akatoka. Hakuweza kurudi mara moja, ndipo nikamwambia Chipukizi asome masahihisho. Alisoma hivi: "Tumekosea. Saa 2:06 tulisema Marky Ramone amefariki. Marky Ramone yuko hai. Aliyefariki jana ni Tommy Ramone, mpiga dramu wa kwanza wa albamu zao. Tunamwomba radhi Marky, tunaiomba radhi familia ya Tommy, na tunawaomba radhi ninyi mnaotusikiliza." Baada ya hapo alinyamaza sekunde mbili, akaweka wimbo wa albamu ya 1976.

Saa ya pili

Haikuwa kwenye mpango wowote. Mkongwe alirudi saa 3 kasoro dakika tano, macho mekundu. Chipukizi alimwachia kiti akae kwanza, kisha akafungua kipaza sauti akamwuliza: "Mzee, mimi nikisikiliza dramu hii naona ni kitu kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Nionyeshe nisichokisikia."

Mkongwe alichukua kalamu mbili. Akaanza kugonga meza ya studio, na fundi mitambo akasogeza kipaza sauti karibu. Alieleza huku akipiga: katika kila mapigo manne, mkono wa kulia unagonga mara nane kwenye yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu, bila kuruka hata moja, wa kushoto unaangukia snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kwenye pigo la pili na la nne, mguu wa kulia unajaza dramu kubwa chini. Hakuna kuzunguka dramu zote kwa madaha, hakuna kusimamisha wenzako ili wewe uonekane. Katika mwendo wao, mkono ule wa kulia unaanza kuwaka moto ndani ya dakika ya kwanza. Na kwenye jukwaa wimbo ukikatika, Dee Dee anahesabu moja hadi nne, mnaanza mwingine hapohapo.

"Kwangu hii ni lupu," Chipukizi akasema. "Sisi tunaikata, tunairudia."

Mkongwe aligonga mizunguko mingine mitatu kabla hajajibu. "Ndiyo. Ila huyu anachoka, na hapunguzi."

Kisha akasema hewani jambo ambalo sikulijua. Akiwa nje alikuwa amesoma kwenye simu ya Chipukizi kwamba Tommy, baada ya kumwachia Marky kiti, alibaki kushiriki kuizalisha albamu ile ya 1978. Kwenye jalada ameandikwa kwa jina lake la kuzaliwa, Erdelyi. Mkongwe hakuwahi kuliona jalada. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa ameisikiliza kazi ya Tommy akidhani humo hayumo. Wakazungumza pia kuhusu maisha yake: kuzaliwa Budapest mwaka 1949, wazazi Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi, familia kuhamia Marekani akiwa mtoto, kufanya kazi studio na kusaidia kumrekodi mpiga gitaa Jimi Hendrix kabla hata Ramones hawajazaliwa.

Matokeo

Kituo kilipata malalamiko, mengi yakiwa ya haki. Uongozi ulitaka maelezo ya maandishi. Mimi nilipewa onyo, na ninaona lilinistahili. Mkongwe alitaka kuacha kazi. Alikosa kipindi kimoja, akarudi.

Tatizo lililotushinda ni lile lililotoka nje ya mikono yetu. Mtu fulani alikuwa amerekodi tanzia ya Mkongwe kutoka redioni, na sauti ile ikasafiri kwenye simu za watu, kikundi hadi kikundi. Ilikuwa nzuri mno isisafiri. Masahihisho ya Chipukizi, yenye sekunde zisizofika 30 na sauti isiyo na machozi, hayakusafirishwa na yeyote. Wiki mbili baadaye bado tulipata jumbe za kumpumzisha Marky kwa amani. Tulirudia masahihisho mwanzoni mwa vipindi viwili vilivyofuata, lakini kuzushiwa kifo ni kama unga uliomwagika mchangani.

Uchambuzi

Kuna uvumi wa kifo wa aina tofauti, na kila mmoja una namna yake ya kuumbuka. Mwaka 2001 vituo vya redio Marekani vilitangaza kwamba mwanamuziki wa roki Lou Reed amekufa, kwa kutegemea barua pepe ya uongo iliyojifanya ya shirika la habari. Hapo hakukuwa na kifo chochote. Lou Reed alifariki Oktoba 2013. Tarehe 2 Oktoba 2017 vyombo vikubwa vilitangaza kifo cha mwanamuziki wa roki Tom Petty saa kadhaa kabla hajafa. Hapo mtu ni sahihi, saa si sahihi. Cha kwetu ni cha tatu: kifo ni cha kweli, saa ni ya kweli, mtu siye. Nadhani hiki ndicho kigumu kuliko vyote kukikamata, maana ukikichimba unakuta ukweli kweli, unaridhika, unaacha kuchimba.

Itazame simu yangu ya saa 1:30. Niliuliza kama ni kweli mpiga dramu wa Ramones amefariki. Swali halikuwa na jina, kwa hiyo jibu halikuwa na jina. Mwenzangu alikuwa na "Tommy Ramone" mbele ya macho yake kwenye skrini, mimi nilikuwa na "Marky" kichwani, na tukakubaliana kwa moyo mweupe kabisa. Angekuwepo wa tatu na wa nne wa kuulizwa swali lilelile, wote wangeitikia. Idadi ya vyanzo haikuwa na maana pale ambapo kila chanzo kiliulizwa swali lenye tundu katikati. Ndiyo maana leo tunahakiki kwa kutaja jina kamili na kumtaka anayejibu alirudie jina hilo kwa mdomo wake, pamoja na kazi moja aliyoifanya marehemu na mwaka wake.

Neno lililodondoka lina lawama yake pia. Habari halisi ilisema amefariki wa mwisho katika wanne wa mwanzo. Rafiki wa Mkongwe aliyasaga maneno hayo yakawa "wameisha wote". Maneno "wa mwanzo" ndiyo yaliyobeba ukweli wote, na ndiyo yanayoanguka kwanza mtu anapopasha habari akiwa na huzuni.

Lakini kwa nini Mkongwe, anayeijua bendi kuliko sisi sote, hakuuliza? Nimelifikiria hili kwa miaka. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, waliwapigia watu wa umri mbalimbali vipande vya nyimbo za miongo tofauti, wakakuta upendo unapanda kilele kwa nyimbo zilizotamba msikilizaji alipokuwa na miaka 23.5 hivi. Tunaupenda ule uliotukuta tukiwa tunaumbika. Mkongwe alikutana na Ramones wa mwaka 1978. Historia yote ya bendi kabla na baada ya hapo aliijua kichwani, ila alipopigwa na msiba, kichwa hakikuulizwa. Kiliulizwa kile kilichokaa ndani tangu ana miaka 18, na humo mpiga dramu ni mmoja tu. Mtu akikuambia "mama amefariki", huulizi mama yupi.

Ndiyo sababu sikubali anapolaumiwa yeye. Alikuwa mfiwa. Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu, na kulikuwa na mtu mwingine chumbani aliyeifanya bila kuombwa.

Nisieleweke kwamba fulana ilikuwa chanzo bora. Haikuwa. Kama mjomba wake Chipukizi angempa toleo lenye jina la Marky, fulana ileile ingetuthibitishia kosa. Alichokuwa nacho Chipukizi ni swali, na swali lilikuwa jepesi kwake kwa sababu muziki huu haukuwa wa ujana wake. Hakuwa na Ramones wa moyoni wa kumfunika wa kweli. Kama ningemchukulia kama mtu mwenye macho ambayo sisi wawili hatukuwa nayo, ningemjibu: "Hebu angalia." Mimi nilimpima kwa kipimo cha mapenzi: huupendi muziki huu, basi huna la kusema juu yake.

Kipimo hicho kilikuwa na kosa lake pia. Baadaye alinieleza kwamba nyimbo hizo alizisikia tangu utotoni kwa mjomba huyohuyo, na anazo kichwani zote, hazipendi tu. Mwaka mmoja kabla ya kisa chetu, Krumhansl na Zupnick walikuwa wamechapisha utafiti wao: vijana wa miaka 20 hivi waliguswa na muziki wa ujana wa wazazi wao, hata na wa nyuma zaidi, wa miaka ya 1960. Muziki wa nyumba unamwingia mtoto hata akiwa anacheza chumba cha pili. Sisi wakubwa tunaona fulana tunasema wamevaa wasichokijua, na hatuulizi walikisikia wapi.

Kilichofaa usiku ule ni masahihisho yenyewe, mara yalipokuja: yalitaja kosa kwa saa yake, yakataja majina yote mawili, hayakumlaumu mtu, hayakujitetea. Na ilifaa kwamba hatukumficha Mkongwe. Saa ile ya pili, ya kalamu juu ya meza, ndiyo inayokumbukwa na wasikilizaji wetu wa zamani, nao huikumbuka kwa jina sahihi la marehemu.

Kilichofuata

Chipukizi sasa ndiye mhariri wa kipindi. Mkongwe amestaafu. Aprili 2025 ilikuja habari kwamba Clem Burke wa Blondie amefariki tarehe 6, na jumbe zikaanza kuingia zikisema Ramone mwingine ameondoka, mpiga dramu. Chipukizi alimpigia Mkongwe simu kabla hajaandika chochote.

"Shikamoo, mzee. Kuna msiba wa mpiga dramu."

"Marahaba, mwanangu. Yupi?"

Walizungumza karibu nusu saa, nyingi ya nusu saa hiyo ikiwa kuhusu jinsi Burke alivyokuwa anajaza na kuzunguka dramu zote, na kwa nini mkono wa namna hiyo haukuweza kukaa Ramones zaidi ya usiku mara mbili. Taarifa iliyosomwa ilikuwa na sentensi nne. Ya tatu ilisema Burke alipiga na Ramones maonyesho mawili Agosti 1987, akiitwa Elvis Ramone. Ya nne ilisema Marky Ramone na Richie Ramone wako hai.